Dirisha Lililoona Haya

Vumbi la sufu linapanda katika mwanga wa asubuhi, jekundu mbele yangu, la buluu mbele ya dada yangu Shameema.

Majira yote ya baridi zulia letu lilisimama kwenye nusu ya ua la nakshi yake. Nusu ya ua, ewe dirisha langu la kompyuta! Kwa maana macho ya Ustadhi Sonaullah, msomaji wetu, yaliingia ukungu. Yeye ndiye mshika karatasi ya talimu, maandishi ya kufumia zulia, yenye alama ndogo kama miguu ya sisimizi, kila alama rangi yake na idadi yake ya mafundo. Yeye huimba, sisi huitika, vidole hufuata. Akawa anaileta karatasi hadi puani, kisha anaishusha. Na mwenye karakana akasema: theluji ikiyeyuka zulia halijaisha, vitanda vya kufumia vitang'olewa.

"Si unazijua alama? Soma wewe," Shameema aliniambia.

Ninazijua. Sauti ya mbele za watu ndiyo sina; hata wenzangu wakiitika, mimi huchezesha midomo tu.

Ndiyo maana nikakuandika wewe, dirisha langu, programu ya kuonyesha alama kwa ukubwa, kwenye kompyuta kuukuu ya shemeji. Shule niliiacha darasa la nne, lakini lugha yako niliielewa, kwani ni talimu nyingine: neno dogo, nyuma yake kazi kubwa. Nataja dirisha, dirisha lipo. Nataja kitufe, kitufe kipo. Naziita alama, nazo zinakuja moja moja, kubwa kama matofaa.

Siku ya kwanza nilikufungua mbele ya wote. Ukatokea, ukatoweka, kufumba na kufumbua.

"Lo! Limeona haya kama mama yake!" Shameema alicheka mpaka chai ya chumvi ikammwagikia.

"Liambieni nimevaa nguo," akasema Ustadhi. "Halina haja ya kukimbia."

Nikajikunyata ndani ya joho langu, nimekumbatia chungu cha makaa, uso ukiwaka kuliko makaa yenyewe.

Nyumbani nikakusoma upya, mstari kwa mstari. Ulikosa mmoja tu, wa mwisho, ule unaoliambia dirisha: kaa. Usiondoke. Kaa, usubiri mkono wa mtu.

Nikakuandikia ukae, dirisha langu, mimi nisiyejua kukaa mbele za watu.

Leo Ustadhi amebonyeza kitufe. Ukakaa. Alama ya kwanza ikajaa kioo, naye akaigusa kwa kidole kama mtu anayegusa shavu la mtoto.

"Mekundu matatu!"

"Tumefunga!" Safari hii na mimi niliitika, kwa sauti ndogo.

Akabonyeza tena. Ukakaa tena.

"Ya buluu, manne! Ngoja. Nani huyo, sauti yake siijui?"

"Ni mimi, Ustadhi."

"Ulikuwa wapi miaka yote hii, mwanangu? Haya, ya buluu, manne!"

Nikaitika kwa kifua kizima, na vumbi lililokuwa mbele ya mdomo wangu likatawanyika kwenye mwanga.