Machela Ilipopasuka Uwanjani

Mimi Wekoye sikuwa nimewahi kumgusa Nangila, mke wa mwanangu Festus, hata kwa salamu ya mkono. Kwetu Wabukusu, baba mkwe na mke wa mwanawe ni heshima. Akipita mlangoni, mimi natazama kando. Miaka minne tuliishi hivyo.

Sasa mlima ukaporomoka, barabara ya kwenda Sirisia ikakatika, Festus akabaki kazini Bungoma, na Nangila yuko na uchungu wa kuzaa tangu jana. Sista Jepchumba wa zahanati hakunificha: mtoto amelala vibaya, bila upasuaji tunawapoteza wote wawili. Akapiga simu, tukaambiwa jeshi linaleta helikopta impeleke hospitali ya Kitale.

Bana, ilitokea nyuma ya kilima, ile kubwa ya kubeba askari zaidi ya kumi na mizigo yao, na mlio wake niliusikia kifuani kabla ya masikioni. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu, mzee mzima. Vijana wanne walikuwa wamembeba Nangila kwa machela ya gunia mpaka uwanja wa shule, wakijigamba ati wao hawaogopi kitu. Upepo wa ile ndege ulipong'oa bati la choo, waliweka machela chini wakatoka mbio. Hao ndio wanaume wa siku hizi.

Ilipotua, askari akashuka akaja mbio, ameinama. "Mzee, wingu linafunga. Tuko na dakika mbili."

Yeye na Jepchumba wakashika mbele, mimi nyuma. Tukainua, gunia likapasuka katikati. Nangila akaniona nikinyoosha mikono, akageuza uso.

"Baba, hapana."

"Shika shingo yangu," nikamwambia. "Heshima tutaitengeneza baadaye."

Nikambeba, nikakimbia na magoti haya mabovu, matope yakinirukia usoni, nikamweka ndani mwenyewe. Ilipopaa niliruka juu kwa furaha, na hofu ikiwa palepale.

Jioni wazee wakaja na sura za matanga. Ati nimevunja mwiko, lazima kondoo wa kututakasa achinjwe. Tukiwa katikati ya ubishi simu ikalia. Ni Nangila mwenyewe, yeye ambaye siku zote huniambia maneno kupitia kwa mama Festus.

"Baba, sikiza."

Mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote. Nikafungua sauti ya simu, nikaiweka mezani mbele ya wazee.

"Kondoo nitatoa," nikawaambia. "Lakini kwanza sikizeni."