Jiwe la Redio

Redio aliachwa juu ya mgongo wa mlima, na aliyemwacha ni shemeji yake, mume wa dada yake, mtu aliyejulikana kwa kutomwacha mtu.

Shemeji huyo walimwita Breki. Kazi yake ilikuwa kupandisha wageni mlimani, na sifa yake ilikuwa kuwageuza. Wingu likishuka kidogo, geuka. Upepo ukibadilika, geuka. Wateja walinung'unika kwamba wamefunga safari kuja kuona kilele, siyo kumwona Breki akirudi nyumbani. Yeye hakujali.

"Kilele hakihami," alikuwa anasema. "Mkiwa hai mtakikuta."

Alichokiogopa ni ule mgongo: njia nyembamba ya mawe, kulia korongo, kushoto korongo. Kabla ya kuingia, kila mtu aliokota jiwe lake na kuliweka juu ya mwamba bapa. Wakirudi, kila mtu alichukua la kwake akalitupa. Mwamba ukibaki na jiwe, hakuna kushuka, maana kuna mtu bado yuko juu. Kwenye ukungu watu wote wamejifunika hadi pua, humjui huyu wala yule. Jiwe halivai kofia. Hivyo ndivyo Breki alivyojiaminisha, na kwa miaka yote hiyo mwamba haukuwahi kumdanganya.

Redio alitembea mkiani, kuhakikisha hakuna anayebaki. Jina alilipata kwa mdomo wake. Alianza kuongea akifunga viatu na kumaliza akivivua. "Siku nikinyamaza," alikuwa anawaambia wageni, "mjue betri imekwisha."

"Redio, punguza sauti," Breki akamwambia asubuhi ile. "Watu wanahitaji pumzi."

"Pumzi zao au zako, shemeji? Umezeeka, sema tu."

Wageni wakaangua kicheko. Breki hakucheka. "Funga mdomo wako. Kama siyo dada yako, sasa hivi ungekuwa unabeba mizigo ya watu stendi."

Kicheko kikakatika. Redio akaweka jiwe lake juu ya mwamba, jeupe, akaenda kusimama nyuma bila neno.

Ukungu uliwakuta katikati ya mgongo. Breki akageuza msafara palepale, akapita mbele. Redio akabana ubavuni ili wote wampite, ashike mkia. Walirudi polepole, wakipapasa mawe kwa mikono. Walipofika kwenye mwamba bapa, kila mmoja akachukua jiwe lake. Breki akapitisha kiganja juu ya mwamba. Mtupu. Nyuma kulikuwa kimya, na kimya kile akakielewa mara moja: Redio amenuna. Kusema kweli, alikifurahia. Akatangulia kushuka.

Kwenye kibanda cha kupumzikia, chini ya mgongo, chai ilimiminwa, kikombe kimoja kikakosa mtu.

"Redio yuko wapi?" akauliza.

Kinyozi mmoja, mgeni aliyekuwa wa mwisho mstarini, akashusha kikombe chake. "Fimbo yangu iliniponyoka kule juu. Akasema, 'Tangulia mzee, naifuata.' Nikajua yuko nyuma yangu."

"Na jiwe lake? Mwamba ulikuwa mtupu."

Kinyozi akaingiza mkono mfukoni. Akatoa mawe mawili, moja jeusi, moja jeupe. "Hili langu. Hili nilimchukulia binti yangu, ni zuri. Nilidhani ni mawe tu."

Breki hakumtukana. Alichukua kamba na tochi. Mlinzi wa kibanda akamkamata koti.

"Upepo huu? Kesho nitabeba maiti wawili."

Akamponyoka. Alifika hadi kwenye mwamba bapa, lakini kusimama kwenye mgongo hakuweza. Akatambaa, upepo ukamrudisha. Akatambaa tena. Aliita mpaka sauti ikamwisha, na hakuna kilichomjibu.

Walimkuta Redio alfajiri, ukungu ukiwa umeondoka. Hakuwa ameanguka. Alikuwa amekufa kwa baridi, ameketi, mgongo kwenye jiwe kubwa, fimbo ya kinyozi katikati ya magoti. Breki ndiye aliyemfundisha: ukitupoteza kwenye ukungu, usitembee hata hatua moja. Kaa hapohapo. Nitakuja kukuchukua. Mtu aliyesema sana maisha yake yote alikuwa amesikia vizuri.

Nyumbani, mkewe Breki hakupiga kelele. Alikuwa anaanua nguo, akaendelea kuzikunja.

"Alikuwa mbele yako au nyuma yako?"

"Nyuma."

"Hukugeuka?"

"Niliangalia mwamba, mama. Mwamba ulikuwa—"

"Nimekuuliza kama uligeuka."

"Sikugeuka."

Akakunja shati la mwisho, likawa la mdogo wake. Akabaki nalo mkononi.

Kinyozi alilirudisha lile jiwe jeupe. Liko dirishani, hakuna anayeligusa, hata wakati wa kufuta vumbi. Breki alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto kwa baridi, na kibali cha kupandisha wageni alikirudisha mwenyewe kabla hajaulizwa. Mama mkwe alipoteza mtoto wake wa kiume, hakuwa na mwingine. Mkewe bado anampakulia chakula, anakiweka mezani, naye anakwenda kulia chake jikoni. Zamani alimwita baba. Siku hizi anamwita wewe. Na ndani ya nyumba ile, iliyokuwa haipati nafasi ya kusinzia kwa maneno ya Redio, sasa unasikia bomba likidondosha maji.