Wenye Vivuli Wabaki Nje

Asubuhi hiyo Jotham alikamua ng'ombe wake, akachuja maziwa kwa kitambaa, akaibeba ndoo hadi kituo cha kukusanyia maziwa pale Isongole. Jua lilikuwa limetoka, jambo la kushukuru wakati wa kipupwe. Alipokuwa kwenye foleni, mwanamke aliyesimama nyuma yake akamuuliza, "Kivuli chako kimekwenda wapi?"

Jotham akatazama chini. Miguu yake ilikuwa juu ya changarawe tupu. Akageuka, akakiona kivuli chake kikishuka peke yake kando ya mashamba ya viazi, kikielekea kwenye uzio wa mamlaka ya maji.

"Kimekwenda bondeni," akasema.

"Aa," mwanamke akaitikia, akaisukuma ndoo yake mbele kwa mguu.

Bondeni ni kwa Hellen. Watu wa upande wa viazi walilijua hilo, na wa upande wa migomba pia. Jotham alikuwa mgane na Hellen mjane, na wote wawili walikuwa wamepita umri wa kuona haya. Kati yao palikuwa na msitu wa chemchemi, na ndani ya msitu njia ya miguu. Miaka yote Jotham alikamua asubuhi, akashuka, akanywa chai kwa Hellen, akapanda tena kabla ng'ombe hawajaanza kulia. Hellen hakuweza kupanda mara kwa mara, maana alikuwa akimuuguza mama yake, bibi aliyelala kitandani na asiyetaka kugeuzwa na mtu mwingine. Hawakuwahi kuzungumza habari za kuoana. Njia iliwatosha.

Kisha mtu mmoja akaosha pikipiki kwenye chemchemi, na mabomba ya mjini Tukuyu yakatoa maji yenye harufu ya petroli. Mamlaka, ambayo ardhi ile ni yake kwa hati, ikazungusha uzio. Hakuna aliyesema ni vibaya kulinda maji. Ila kwa barabara, safari ya kwa Hellen ikawa ya kushuka hadi mjini, kungoja gari jingine, kisha kumalizia kwa bodaboda. Jotham aliijaribu. Alifika alasiri, akanywa chai amesimama, akaondoka, na bado aliwakuta ng'ombe wanalia, viwele vimewajaa. Ng'ombe wa maziwa hajui mapenzi.

Kwa hiyo kivuli kilipokwenda, hakukilaumu.

Mlinzi wa geti, Lugano, mtu mzima aliyekuwa pia mzee wa kanisa, alikiona kikipenya chini ya nyaya. Akakifuata kidogo. Alipoona hakikunji majani wala hakijabeba sabuni, akarudi kibandani kwake.

Mchana Jotham akapiga simu.

"Kimefika?"

"Kimefika," Hellen akasema. "Kimekaa kwenye kigoda chako."

"Kinafanya nini?"

"Kimekaa tu. Nikienda jikoni kinanifuata, nikitoka kinatoka."

"Mimi nisingekaa tu. Ningekupasulia kuni."

"Najua, Baba Tulia."

Alasiri kivuli kilirudi kimerefuka, kikajishikiza miguuni pake kama mtu anayevaa viatu. Kilinuka moshi wa majani makavu ya mgomba. Jotham akakiuliza kama Hellen amekonda, kama bado anafunga kitambaa cha kijani. Vivuli havisemi. Aliketi nacho uani mpaka jua likazama, akiivuta ile harufu, na akajikuta anakionea wivu.

Wakaendelea hivyo. Siku za jua kivuli kilikwenda. Siku za ukungu na mvua, ambazo Rungwe ni nyingi, hakikuwepo cha kwenda, na kwenye simu Hellen aliongea kidogo, kisha akasema mama anaita.

Baadaye ukaitishwa mkutano kwenye ofisi ya kata. Mamlaka ilimtuma Samira, binti wa wafanyabiashara wa mjini, aliyekuwa na kazi ya kuandaa sera ya njia za umma katika ardhi ya mamlaka. Aliwasalimia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akaeleza: njia zipi ziwe wazi, kwa nani, na kwa masharti gani.

Jotham akasimama. "Mwanangu, mimi sikati kuni, sichungi, sichoti. Naomba kupita tu."

"Kupita kwenda wapi, mzee?"

"Kwa mtu."

Hakuna aliyecheka. Samira akaandika.

"Kivuli chake kinapita tayari," Lugano akasema kutoka nyuma.

"Kinachafua maji?"

"Hapana. Kinapita tu, kama anavyosema."

"Basi nacho lazima kiingie kwenye sera," Samira akasema. "Hatuwezi kuwa na mtumiaji wa njia ambaye hatujamtaja."

Kikao kilikuwa kizuri. Watu walikunywa soda, wakaagana kwa mikono.

Sera ilipopitishwa, Samira alikuja mwenyewe hadi kwa Jotham kumweleza, badala ya kungoja ibandikwe ukutani. Njia ingefunguliwa kwa wageni wenye tiketi na kiongozi. Vivuli vya majirani vingepita bure siku yoyote, ili mradi wenye vivuli wabaki nje ya uzio.

"Nilikutetea, mzee," akasema, macho yake kwenye majani ya viazi. "Wakuu wakasema ukimruhusu mtu mmoja, watakuja na wengine. Kivuli hakiji na mwenzake."

"Ndaga, mwanangu," Jotham akamshukuru, maana alikuwa amepanda mlima kwa miguu kuja kumwambia. Akampa viazi vya kupeleka nyumbani.

Siku ya ufunguzi Jotham alivaa koti lake la kanisani, akakata tiketi kama wageni wengine. Kila kona aliikuta vilevile ilivyokuwa. Kiongozi aliwaonyesha maua, akawaonyesha mabomba, kisha wakafika kwenye jukwaa jipya la mbao juu ya chemchemi. Kutoka pale Jotham aliuona moshi wa nyumba ya Hellen ukipanda katikati ya migomba. Ungeweza kusema ni mkono ulioinuliwa.

"Hapa ndipo tunapogeukia," kiongozi akasema.

"Na kule?"

"Kule njia haiendelei, mzee."

Ilikuwa inaendelea. Majani yalikuwa yameanza kuifunika, lakini ilikuwa inaendelea. Jotham akasimama kidogo, kisha akageuka pamoja na wenzake. Kivuli chake hakikugeuka. Kilishuka kwenye jukwaa, kikaingia majanini na kuendelea bondeni. Mgeni mmoja akakipiga picha.

Jioni simu ikaita.

"Baba Tulia, jua linazama na chako bado kipo hapa. Kimelala kizingitini. Nakiambia nenda, hakiendi."

"Kiache kilale."

"Na wewe?"

"Mimi nina ng'ombe."

Siku iliyofuata palikuwa na jua. Jotham alikuwa shambani akipandishia matuta alipomwona Lugano, kule chini, akifungua geti lote wazi. Baadaye Lugano alieleza kwamba kingeweza kupita chini ya nyaya, ila kilikuwa kivuli cha mwanamke, na haikufaa kukiacha kiiname.

Kilipanda polepole, khanga imefungwa kiunoni, kikisimama mara kwa mara kama mtu anayepumua. Kilipofika kikaketi ukingoni mwa tuta. Jotham akaweka jembe chini. Alisogea kwa kujihadhari asije akakikingia jua, kisha akakumbuka kwamba hana cha kulikinga nacho. Akakaa karibu kabisa.

"Umechoka," akasema. "Ule mlima wa mwisho hujaupanda siku nyingi."

Hellen alikuwa bondeni akimgeuza mama yake kitandani. Jotham aliweka kiganja ardhini, mahali ulipokuwa mkono. Udongo pale ulikuwa na ubaridi kidogo kuliko wa pembeni. Wingu likashuka kutoka mlimani, shamba zima likawa rangi moja. Aliacha kiganja palepale, akingoja lipite.