Chembe ya Kijani

Kifuniko cha kopo la Marciana hakikukubali kufunguka kwa mkono mmoja, na mkono wangu wa pili ulikuwa umefumbwa. Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, na Marciana alikuwa kanisani. Nikalibana kopo kwa magoti kama mtu anayekamua mbuzi, nikavuta. Ndani mawe yalilala kwenye tope jeupe. Yalibakiza siku tano tu yatoke yanang'aa. Nikafumbua mkono juu yake, nikafunga kifuniko, nikarudi kwangu kwa kupenya pale kwenye uzio tulipopaacha wazi sisi wenyewe, ili tusizungukie barabarani kila tunapotembeleana.

Mimi nilikuwa fundi cherehani, hapa Kilosa, mpaka mitumba ilipoingia. Mwanzoni mwa miaka ya tisini marobota yalishuka sokoni kila wiki, na waliokuwa wakiniletea vitambaa wakaona bora wakachague gauni lililokwisha kushonwa. Sikuwalaumu, hata mimi nilinunua moja. Lakini cherehani ilinyamaza, na mimi si mtu wa kukaa na mikono mapajani.

Marehemu mume wangu, fundi wa karakana ya reli, alikuwa na mchezo wake wa kuzungusha mawe ya mto ndani ya kopo la rangi mpaka yalainike. Enzi za uhai wake nilimcheka sana. Sasa nikalifunga kopo lake kwenye cherehani ya miguu, nikapitisha mkanda, nikakanyaga. Mawe, maji na mchanga mkali, wiki tatu. Kisha mchanga laini, wiki nyingine tatu. Mwisho udongo mweupe, laini kama poda ya mtoto. Nilichekecha kwa vitambaa vyangu: chandarua kwa ule mkali, shifoni kwa ule wa kati, na bitana kwa udongo. Haikuwa biashara. Ilikuwa raha ya kulichukua jiwe ambalo ng'ombe wamelikanyaga pale mto Mkondoa, na baada ya miezi miwili kulishika likiwa na mwanga ndani yake.

Sharti lilikuwa moja. Kabla ya kubadilisha mchanga, osha kopo, osha mawe, osha na mikono, kwa sababu chembe moja ya ule mkali ikibaki itachora kila kitu. Na mchanga wangu mkali haukuwa wa mtoni. Mume wangu aliniachia jiwe la kunolea la karakana, la kijani, lililopasuka, nami nililitwanga kidogo kidogo kwenye kinu kibovu. Hakuna mwingine aliyekuwa nao Kilosa, na sikumgawia mtu.

Hata Marciana sikumgawia. Yeye na mumewe Mashauri walitoka Kanda ya Ziwa na mifugo yao, wakapanga nyumba iliyopakana na yangu. Nilimzidi miaka kumi na mbili. Siku ya kwanza alisimama dirishani pangu akasikiliza kopo kabla hajaniamkia, kisha akashtuka, akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Hicho kinachosaga ni nini?"

"Marahaba. Ni upuuzi wangu. Ingia."

Nikamfundisha. Tangu hapo hakuniita mama tena, aliniita mwalimu, na kila asubuhi ile "shikamoo, mwalimu" ilivuka uzio kabla jua halijapanda. Nilivimba kichwa, sikatai. Yeye alifunga kopo lake kwenye gurudumu la baiskeli ya Mashauri iliyopinduliwa miguu juu, akizungusha kwa mkono. Alitumia mchanga wa Mkondoa, kwa kuwa ndio aliokuwa nao.

Ndani ya mwaka mmoja akanipita.

Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Mawe yake yaling'aa kuliko yangu, kwa mchanga hafifu kuliko wangu. Kila jiwe alilipa jina kwa Kisukuma, kwa rangi za ng'ombe wa baba yake, na alijua lipi lina ufa kabla hajaliosha. Hakuhesabu siku kama mimi. Alitega sikio. "Bado yanagombana," alikuwa akisema, au, "sasa yanasemezana." Akifungua, inakuwa kweli. Mimi niliyemfundisha nilisikia kelele za kopo tu.

Niliona wivu. Nilianza kuuonea hata mgongo wake pale alipoinamia baiskeli. Akinipa jiwe zuri, namwambia, "Si baya," kisha nalificha droo ya chini nisilione.

Ndipo akaja Bwana Lazaro wa Mikumi. Ulikuwa wakati ambao kila mwenye uthubutu alifungua kitu chake, na yeye alikuwa akijenga nyumba ya kulala wageni kando ya barabara kuu. Alikuja kushonesha mapazia, akaona mawe mezani.

"Haya nani kayafanya?"

"Mimi."

Akayageuzageuza. Kisha akainua moja jekundu, ambalo Marciana alikuwa ameliacha jana yake.

"Na hili?"

Ningeweza kusema lolote. "La jirani," nikasema.

Akaliweka kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nalo muda mrefu. Kisha akasema anataka kuupamba ukuta wa mlangoni, aliyeng'arisha mawe aende mwenyewe akayapange, na jina lake liandikwe pale kwenye saruji. "Nataka mkono wa mtu mmoja. Ijumaa ijayo nakuja kuona ya kwako na ya jirani yako, nichague." Lakini lile jekundu hakulirudisha mezani mpaka alipokuwa anaondoka. Nikajua amekwisha kuchagua.

Jumapili iliyofuata ndiyo ile niliyoanza nayo. Mkononi nilikuwa na mchanga wa kijani, si zaidi ya chumvi ya kutia kwenye mboga.

Jumatatu asubuhi, baada ya shikamoo, alibaki amesimama kwenye uwazi wa uzio.

"Mwalimu, kopo langu linasema tofauti leo. Njoo usikie."

Nikaenda. Akazungusha. Kwa mara ya kwanza maishani nami nilisikia: krr, krr, chini kabisa ya ule mvumo laini. Aliniangalia kwa imani yote ya mwanafunzi. Angeyamwaga mawe dakika ile, angeyaosha, angeokoa mengi.

"Ni masikio yako," nikamwambia. "Umechoka. Zungusha tu."

Akazungusha, siku nne, kwa kuwa mwalimu amesema.

Ijumaa alifungua mbele ya Bwana Lazaro. Mawe mekundu yalitoka na ukungu, yamechorwa mistari kama dawati la shule. Bwana Lazaro alisafisha koo, akageukia beseni langu. Marciana hakulia. Alinijia na mikono yake iliyojaa tope jeupe, akapiga goti kama siku ile ya kwanza.

"Nisamehe, mwalimu. Sikuosha vizuri. Nimekuaibisha."

"Usijali, utajaribu tena," nilimjibu. Hakujaribu tena. Baiskeli ikarudishwa miguu chini. Aliendelea kuniamkia kila asubuhi, nami nilimwitikia marahaba nikiangalia pembeni, mpaka mwaka uliofuata Mashauri alipoihamisha familia. Nilishukuru Mungu walipoondoka. Ukuta niliupanga, na jina langu likaandikwa. Kisha nami nikalifungua kopo kwenye cherehani, sikulirudisha.

Miaka kumi na mmoja ikapita kabla sijakanyaga tena Mikumi, kwa harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Nilipofika nilijikuta mbele ya nyumba ya Bwana Lazaro. Ukuta ulikuwepo, mawe yangu yamepauka kwa vumbi la malori. Sikukaa kuuangalia. Nikavuka barabara kutafuta chai.

Aliyekuwa akikaanga maandazi pale kibandani alinyoosha mgongo. Nikaufahamu mgongo kabla ya uso.

"Karibu, mwalimu," alisema Marciana.

Nikasubiri. Shikamoo haikufuata.

Nikakaa kwenye benchi, kando ya dereva mmoja wa lori. Mezani palikuwa na magazeti ya kufungia maandazi, na juu yake jiwe, yasipeperuke. Jiwe jekundu. Nililichukua. Mistari ilikuwa palepale. Nikalipeleka kwenye mwanga, kama alivyofanya Bwana Lazaro. Ubavuni lilikuwa na kitundu, na ndani ya kitundu chembe imenasa, ya kijani. Nikaikwaruza kwa ukucha. Haikutoka.

Nilipoinua macho alikuwa ananiangalia, mwiko mkononi.

"Ukuta ule nauona kila nikifungua kibanda," akasema. "Si mbaya."

Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nayo tangu zamani, nimeyapanga vizuri. Nikayaacha yote. Nikalirudisha jiwe juu ya magazeti, nikasimama, mimi mwenye mvi zangu, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, Marciana."

Yule dereva aligeuka na kikombe mdomoni, akadhani amesikia vibaya. Marciana hakushtuka. Alizima moto, akafuta mikono kwenye kanga, mmoja, kisha wa pili.

"Marahaba," akasema, akanimiminia chai.