Nchagwa Anatafuta Nguvu

Katikati ya mlima, Nchagwa alisimama, akashusha jiwe la kusagia kutoka begani, akakaa juu yake. Kifua kilipanda na kushuka kama cha mbuzi aliyekimbizwa na fisi. Chini, bonde la Lambwe lilikuwa jeupe kwa nyasi kavu, na jirani yake Javan alikuwa amesimama kati ya ng'ombe wake anacheka tu.

"Omera, ndugu yangu!" Javan akapiga kelele. "Huko juu unaenda kumsagia nani wimbi? Nyani?"

"Nyani wana adabu kukushinda," Nchagwa akajibu, lakini sauti haikufika.

Sasa, mambo ilikuwa hivi. Malale ilikuwa imemshika huyo mtu. Wewe unajua mbung'o wa Lambwe siku hizo, bendera mpya ya uhuru bado haijapauka: akikuuma unaanza kusinzia mchana, chakula mkononi. Walimlaza hospitali mpaka watu wakaanza kumsahau. Alirudi shati ikimning'inia kama imeanikwa. Na kwao kulikuwa na upinde wa marehemu baba, na sheria ya huo upinde ilijulikana: anayeuvuta mpaka sikio ndiye mwenyewe. Asiyeweza anampa ndugu, na yeye anaingia kwa wale wa kufukuza wanyama kwa makelele vichakani pamoja na mbwa. Ndugu alikuwepo, Gisiri, huko upande wa Kuria, mpana wa mgongo. Angefika nyasi zikishachomwa, wapande milima ya Gwassi kuwinda pongo.

Kwa hivyo jiwe. Kila asubuhi jiwe, kupanda na kuteremka. Mke wake Bhoke alikuwa anabaki nyumbani na wimbi haijasagwa.

"Baba Mniko, hiyo jiwe nitaitumia mwaka gani?"

"Nikipona."

"Basi tudonoe kama kuku."

Lakini uji wake alimwekea maziwa, na hakumwambia vile alikuwa anamsikia akihema usingizini.

Miguu ilirudi kwanza. Miguu ni kitu ya shukrani, ukiipa kazi inakumbuka. Shida ilikuwa mikono. Upinde unalazwa bila kamba, upumzike, kama mtu anavyovua viatu akitaka kulala. Siku ya kwanza alitaka kuurudishia kamba, akaukunja kwa goti, ukamkataa. Akajaribu mpaka machozi. Javan alikuwa anapita, akamkunjia, kamba ikaingia. Javan ni mtu wa mkuki, upinde hajui, yeye ana nguvu tu. Na kwao Nchagwa, mwanamume mzima hafungiwi kamba na mwingine. Ni kama kulishwa.

"Usiseme kwa watu," Nchagwa akamwambia.

"Niseme nini? Kwani nimeona nini?"

Jioni Nchagwa akashika kamba ailegeze, akaiacha. Akilegeza leo, kesho atamwita nani? Akautundika hivyo hivyo ukutani, umekazwa. Kesho yake hivyo hivyo. Mwezi ukaisha hivyo hivyo.

Na tazama, upinde ukaanza kumsikia. Kwanza kamba ilifika kidevu. Halafu shavu. Asubuhi moja ikagusa sikio, akamwita Bhoke aje aone, na Bhoke akapiga vigelegele hata kuku wakatawanyika.

Gisiri alifika na wenzake, wakakutana chini ya mlima, Javan naye akiwepo na mkuki wake. Nchagwa akavuta mbele yao, mpaka sikio. Watu wakashangilia! Gisiri alicheka kwa furaha kabisa, maana alimpenda huyo kaka yake.

"Na walisema umeisha! Lete niushike kidogo, mti wa baba."

Akavuta. Alivuta vile mtu anafungua mlango akidhani umefungwa, kumbe hauna komeo. Akaurudisha polepole. Akapitisha kidole mgongoni mwa upinde.

Mbwa mmoja akapiga miayo.

"Kaka," Gisiri akasema chini chini, "hii kamba haijashuka tangu lini?"

Nchagwa alimtazama Javan. Javan alitazama mkuki wake. Hapo ndipo Nchagwa alielewa ni nani alikuwa anaishiwa nguvu asubuhi zile zote.

"Ningeishusha," akasema, "singeweza kuirudisha."

Gisiri akatoa kamba, akaulaza upinde kwenye nyasi taratibu, kama mzee mgonjwa.

"Huu umechoka. Haunifai, haukufai. Kule juu kwa mawe iko miti ya mikole. Tukate mwingine." Akakohoa. "Sheria ni ile ile, kaka."

"Mimi nimesema ibadilike?"

Walipanda. Kwenye ule mteremko mkali wengine walikaa kupumua, hata Gisiri akashika kiuno. Nchagwa hakukaa. Alifika juu peke yake, akapita kati ya mawe, akaupata mkole wenye tawi lililonyooka, nene kama kifundo cha mkono. Akalishika kwa mikono yote miwili, akaegemea alikunje kama upinde.

Likamkataa.

Akapanga miguu upya, akavuta tena. Chini sauti za watu na mbwa zilikuwa zinakuja. Tawi likashuka kidogo, majani yakatetemeka, likasimama hapo, halishuki wala halirudi, na visigino vya Nchagwa vikaanza kuinuka kutoka ardhini, lakini mikono haikuliachia.