Hakimu Hajanisumbua Leo

Mwalimu Zipporah alipokwenda Mombasa kutolewa mtoto wa jicho, alimwachia Pekeshe, jirani yake pale Golbanti, paka wake. Pekeshe hakumpenda paka yule, na paka naye alikuwa na maoni yake. Lakini Pekeshe alikuwa mtu wa kuaminika. Mwalimu alimfundisha darasa la tatu, akamchapa siku moja kwa uongo kuhusu kalamu, na kwa miaka arobaini tangu hapo hakuna aliyemsikia akisema uongo mwingine.

Paka aliitwa Hakimu. Alikula samaki aliyetolewa miiba na kulala kwenye kiti cha marehemu mume wa Mwalimu.

"Usimfokee," Mwalimu aliagiza akipanda bodaboda.

"Simfokei mtu, Mwalimu."

Siku ya tatu Janet, bintiye Mwalimu, alipiga simu kutoka Mombasa. "Mjomba, upasuaji umekwenda vizuri. Ila daktari amesema Mama asilie hata kidogo. Atakupigia kila jioni. Tafadhali usimwambie jambo la kumliza."

"Sawa," Pekeshe alijibu. Kisha akapeleka samaki, akakuta paka hayupo.

Alitafuta migombani, ghalani, nyuma ya kanisa. Akashuka hadi mtoni, akamkuta mamba akiota jua ng'ambo. Alisimama muda mrefu akilikadiria tumbo lake.

Jioni simu ililia.

"Hakimu hajambo?"

Pekeshe alifikiri. "Hajanisumbua leo, Mwalimu."

"Amekula?"

"Samaki nimemwekea."

Siku iliyofuata alisema Hakimu hakumparura. Iliyofuata tena, kwamba kiti hakina manyoya mapya. Kila mara Mwalimu aliuliza habari za mvua.

Jumapili Pekeshe alitakiwa kusoma somo kanisani. Akaomba radhi, akasema ulimi wake hauko sawa. Mchungaji akamshauri asukutue kwa maji ya chumvi.

Siku moja kabla ya Mwalimu kurudi, Pekeshe alimsimamisha Dzombo, anayepeleka samaki Garsen kwa pikipiki, akamuuliza kama amemwona paka.

"Paka sijaona," alisema Dzombo. "Ila kuna siku nilisikia mlio kwenye tenga mpaka Garsen. Nikadhani ni cheni. Niliitia mafuta."

Alfajiri Pekeshe alikuwa kwenye soko la Garsen. Hakimu alikuwa chini ya meza ya Sumayya, muuza samaki wa kukaanga. Alikuwa amenenepa.

"Huyu ni Khalid," alisema Sumayya. "Nimempa jina la marehemu mume wangu. Naye alikuja bila kuitwa, akala, akalala."

"Ni paka wa mwalimu wangu."

"Basi mwalimu wako aje."

Basi la Mombasa lilifika Garsen adhuhuri, Pekeshe akilisubiri. Mwalimu alishuka na miwani myeusi.

"Shikamoo, Mwalimu. Hakimu alipotea."

"Marahaba. Nilijua tangu jioni ile uliposema hajakusumbua. Hujawahi kumsifu yule paka."

"Ulilia?"

"Daktari alikataza." Alikohoa kidogo, akatazama pembeni.

"Yuko sokoni," Pekeshe alisema haraka. "Ana afya kuliko mimi."

Kwenye meza ya samaki Mwalimu aliita, "Hakimu." Sumayya akaita, "Khalid." Paka akaendelea kulamba mguu wake.

Mwalimu akachuchumaa, akavua miwani. Miaka minne aliyoishi na paka huyo, alikuwa akimwona kama kitambaa cheupe kilichosahaulika kitini.

"Kumbe ana madoa," alisema.

Aliyahesabu kwa kidole. Yalikuwa saba, moja likiwa sikioni. Paka alimwacha amalize.

Sumayya aliwatazama wote wawili, akajifuta mikono kwenye kanga. "Mchukue, mama," alisema, akafunga samaki mmoja kwenye gazeti. "Huyu hapendi wa baridi."

Pekeshe ndiye aliyemtia Hakimu kwenye gunia. Aliparurwa mara tatu, hakufoka. Wakapanda bodaboda, Mwalimu katikati, Pekeshe nyuma amelikumbatia gunia, na gunia likalalamika njia nzima hadi Golbanti.