Hatua Kumi na Nane hadi kwa Shangazi

Mpiga chapa alipanda hadi ghorofa ya tatu akiwa ameinua simu juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Hiyo ilikuwa nyumba ya tisa wiki hiyo. Nyuma yake dalali alikuja akihema, akisifia vigae.

"Hapa mtandao unapiga mpaka chooni," dalali alisema.

Mpiga chapa alikwenda kuhakikisha. Ulipiga mpaka chooni.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza mikutano iliyorekodiwa, ya watu wa mbali asiowajua, na kuichapa neno kwa neno bila kuruka hata kikohozi. Mwenye kazi hiyo anaweza kuishi popote penye mtandao na utulivu, na marafiki zake walishampendekezea mitaa yenye miti na mikahawa. Yeye alikuwa na sharti jingine. Alifungua dirisha la jikoni akachungulia chini. Ng'ambo ya uchochoro mlango wa bluu ulikuwa wazi, na cherehani ya shangazi yake ilikuwa ikilia.

Shangazi ndiye aliyemlea, kwa kushona sare za shule. Mwaka uliopita aliteleza bafuni, akalala sakafuni tangu asubuhi hadi saa kumi, mteja aliyefuata kaptula alipomsikia. Siku hiyo mpiga chapa alikuwa akiishi mwendo wa mabasi mawili. Alijiapiza kwamba safari hii atakaa mahali ambapo angefika kwa shangazi na ndala miguuni kabla birika halijachemka. Alishuka, akahesabu. Hatua kumi na nane.

"Naichukua," alisema.

Siku ya kwanza alichapa kutwa nzima, na jioni alipovuka uchochoro alihesabu hatua kumi na tisa. Siku ya pili zilikuwa ishirini. Ijumaa zikawa ishirini na tatu. Jumamosi na Jumapili jengo zima lilipumzika, naye hakufungua kompyuta, wala nyumba ya shangazi haikusogea.

Shangazi alikuwa ameshapima zamani. Alipigilia msumari kwenye ukuta wa jirani, na kila jioni alitandaza utepe wake wa kupimia kutoka hapo.

"Ilianza walipohamia wale wa kompyuta wa ghorofa ya kwanza," alisema, pini zikiwa kwenye kona ya mdomo. "Enzi hizo nilikuwa natazamana na duka la mikate. Ulipokuja wewe mwendo ukaongezeka."

"Mbona hukuniambia, shangazi?"

"Ungekwenda wapi? Kila wanapofungulia kompyuta ni hivyohivyo. Muulize fundi viatu."

Fundi viatu na kibanda chake walishafika nyuma ya kituo cha basi. Pale walipokuwa, mwenye jengo alitandaza matofali, akachora mistari ya maegesho.

Hatua zilipopita mia tano, mpiga chapa alikwenda ofisi ya mtaa. Karani alifungua droo.

"Unataka fomu ya nyumba inayozama au inayosogea?"

"Inayosogea."

Karani aliangalia daftari. "Huyu mshonaji alitoka kwenye mtaa wetu Jumanne. Aende ofisi ya huko anakoelekea."

Alichukua likizo ya wiki moja, asiguse kompyuta. Nyumba ilipunguza mwendo lakini haikusimama, kwa sababu jengo lile lilikuwa na kompyuta nyingine kumi na mbili. Jumapili aliweka birika jikoni, akavaa ndala, akaondoka mbio. Alipofika kwenye mlango wa bluu alijua kwamba birika lilishachemka na kukauka. Alilia palepale, amesimama, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akajifunga kibwebwe.

Kesho yake alimrudishia dalali funguo, akabeba kompyuta, kiti na visikilizio, akaviweka kando ya cherehani.

"Unahamia kwangu na kazi yako hiyohiyo?" shangazi aliuliza.

"Hiyohiyo. Nyumba ikisogea, itasogea na mimi humu ndani."

"Kichwa kigumu kama baba yako. Sogeza meza, unanizibia mwanga."

Sasa kazi ilikuwa ndani ya nyumba, na nyumba ilichapuka. Dirishani walipita kituo cha mafuta, ukuta wa shule, kitalu cha miche. Katikati ya kikao cha video bosi aliuliza kwa nini mandhari ya nyuma yake hubadilika kila mara.

"Tunasogea," mpiga chapa alisema.

Bosi alitaka kujua kama jambo hilo litachelewesha kazi. Alipoambiwa hapana, waliendelea na ajenda ya pili.

Alhamisi moja shangazi aliteleza tena bafuni. Mpiga chapa alifika kwa hatua nne, akamdaka kabla hajagusa sakafu.

"Umeniumiza mkono," shangazi alisema, huku amemkumbatia hamwachii.

Nyumba ilikuja kusimama pembeni kabisa mwa jiji, mahali ambapo mtandao ulipatikana kwa kupanda juu ya stuli. Mpiga chapa alichapa akiwa amekaa na kutuma akiwa amesimama. Fundi viatu alikuwa jirani tena. Shangazi alipanda mchicha na kupata wateja wawili. Alipigilia msumari mpya kwenye kibanda cha fundi, na wiki tatu utepe haukuonyesha badiliko lolote.

Wiki ya nne wafanyakazi walisimamisha mnara wa simu. Siku mbili baadaye gari lilisimama mbele ya mchicha. Dalali alishuka, akifuatwa na kijana mwenye mkoba wa kompyuta, simu ameiinua juu.

"Hapa mtandao unapiga mpaka chooni," dalali alimwambia. Alipomwona mpiga chapa dirishani alimpungia mkono, akapungiwa.

Shangazi alichomeka pini zake kwenye kifuko, akaenda kung'oa msumari.

"Shika vikombe visianguke," alisema.

Mpiga chapa alivishika kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine aliendelea kuchapa.